Gazeti Zima la Lupaso

Kiti mlichoninunulia siku ya kuniaga ni kizuri. Kina mito, kina pa kuegemeza mikono, na kuku wa jirani amekipenda kuliko mimi, maana hata mwezi haujaisha ameshakitagia. Mimi sikai. Tangu nistaafu naamka kama mtu mwenye basi la kuwahi, nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, natembea kutoka hapa nyumbani Mkomaindo hadi geti la hospitali, nasalimiana na wauza ndizi, narudi. Binti yangu Neema hupiga simu kutoka Tabora kunihimiza nipumzike. Nimemwambia kupumzika nako kuna mafunzo yake, na mimi sikuyapata kazini.

Basi nimeona nikae na kalamu, labda miguu itatulia. Nawaandikia ninyi mnaobaki maktaba. Habari za vyeo nawaachia wenye vyeo. Nataka kuwaeleza kazi ya mwisho niliyopewa kabla ya kuondoka, kwa sababu mnaulizana vichochoroni kwa nini iliisha vile, na kwa sababu bado inaniwasha. Lakini ili mwelewe, lazima nianzie kwenye uji.

Nilifika Masasi nikiwa msichana kutoka Upare, na sanduku moja na sweta mbili ambazo sikuzivaa tena maishani. Aliyenipokea maktaba alikuwa Baba Zainabu, mshonaji na mtengenezaji wa vitabu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama najua kupika uji. Nikasema najua.

"Basi kazi utaiweza," akasema.

Uji wenyewe ulikuwa gundi, unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, maji, na mrututu kidogo ili wadudu wasione ni chakula. Mimi nikaupika mwepesi, kama tunavyowapikia wagonjwa kwetu. Akauinua kwa mwiko, akautazama ukichuruzika.

"Huu ungemfaa mwenye malaria," akasema. "Kitabu hakina malaria."

Nikarudia hadi mwiko ukasimama wenyewe. Alinifundisha kushona kwa uzi wa katani, kukunja karatasi kwa mfupa wa mbuzi uliosuguliwa ukalainika, na kugandamiza vitabu kwa mawe yaliyookotwa chini ya milima hii ya hapa mjini. Mfupa ule ninao. Msiutafute kwenye kabati.

Baba Zainabu ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya katuni. Miaka hiyo kulikuwa na gazeti la katuni lililokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, likaning'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba madukani. Liliitwa *Tarishi Kombo*. Kombo alikuwa tarishi mwenye baiskeli isiyo na breki, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa watu wasiojulikana waliko. Watoto walilificha ndani ya daftari la hesabu. Walimu waliwanyang'anya, wakaenda kulisoma wao ofisini.

Gazeti hilo lilichapwa kwenye karatasi moja kubwa iliyokunjwa na kushonwa, na kiwandani hawakujisumbua kulikata. Ukilinunua, kurasa zilikuwa zimeungana kwa juu. Ulipaswa kuchukua wembe, ukate mikunjo taratibu, ndipo usome. Asiye na subira alichana kwa kidole, na ndiyo maana magazeti mengi mtakayoyakuta yana kingo kama zimetafunwa na mbuzi.

Wakubwa wetu waliona katuni ni takataka. Baba Zainabu aliziokota, akazipanga daraja kwa majina yake mwenyewe. Lililosomwa kwa adabu aliliita la mezani. Lililokaliwa na kulaliwa lilikuwa la mkekani. Lililokaa juu ya meko pamoja na mbegu likageuka rangi ya chai lilikuwa la jikoni. Lililokwisha anza kuchanwa kufungia karanga lilikuwa la dukani, na hilo alilipokea kwa pole kama unavyompokea mfiwa. Juu ya yote aliweka daraja moja ambalo hakuwahi kuwa nalo hata moja. Hilo aliliita zima. Gazeti zima ni lile ambalo halijakatwa.

"Sasa zima litakuwepo vipi?" nilimuuliza. "Nani anunue katuni asiisome?"

"Ndiyo maana si rahisi kulipata," akasema, akaendelea kushona.

Kisha *Tarishi Kombo* likaacha kuja. Toleo la mwisho lilimwacha Kombo katikati ya mto, barua kaibana kwa meno, baiskeli inazama, na pembeni ya picha imeandikwa *Itaendelea*. Haikuendelea. Hakuna aliyetuambia sababu. Nawajua watu wazima, wenye wajukuu, ambao hadi leo wakikutana kwenye msiba hubishana kama Kombo alijua kuogelea.

Baba Zainabu alistaafu, akarudi kwao Newala, akafariki kabla ya korosho kuokotwa. Nikabaki na mfupa na madaraja yake, nikafanya kazi nyingine za maktaba ambazo ninyi mnazijua. Nusu yake ni kuwafukuza mchwa, nusu nyingine ni kuwaomba watu warudishe vitabu.

Hadi mwaka wangu wa mwisho kazini, ndipo akaja Ombeni. Ombeni ni kijana wa ofisi ya Dar es Salaam inayokusanya magazeti ya zamani, mpole, mwenye heshima, hunywa chai bila kuhesabu maandazi. Alitaka nimkadirie jambo moja: huku Masasi na Newala yamebaki magazeti mangapi ya *Tarishi Kombo*, na katika hayo, mangapi yako katika hali ya juu kabisa. Machakavu alikuwa nayo tele. Alichotaka ni moja zima, liwekwe ndani ya kioo, watu waone lilivyotoka kiwandani. Kama lipo, angekuja kulichukua. Kama halipo, angefunga faili na kuhamia mikoa mingine.

"Mama Neema," akaniambia, "wewe nitajie tu. Hata kwa kukadiria."

Sasa utakadiriaje kitu kilichofichwa ndani ya masanduku ya watu? Wageni hudhani unagonga kila mlango. Mimi nilifanya hivi. Kwanza nilizunguka nikaomba kuonyeshwa magazeti, na kila nililoonyeshwa nililitia nukta ndogo ya penseli nyuma, nikalirudisha. Huku katuni haikai kwa mwenyewe, huazimwa, huenda kwa shemeji, huenda kwa fundi cherehani, hurudi ikiwa imepungua kurasa. Baada ya miezi kadhaa nikazunguka tena, kwa watu wengine na njia nyingine. Kama karibu yote ninayoonyeshwa yana nukta, basi nimekwisha yaona mengi ya yaliyopo. Kama yenye nukta ni machache, basi yaliyojificha ni mengi kuliko niliyoyaona, na kwa uwiano huo unapata makadirio.

Masasi nukta zangu zilirudi kwa wingi. Newala hazikurudi. Kila nililoshika lilikuwa geni, lina alama nyeusi za vidole vilivyobangua korosho, maana mafuta ya ganda lile yakigusa karatasi hayatoki. Nilirudi nyumbani sina raha. Nilikuwa nalala nikihesabu, naamka nikihesabu. Hesabu ilisema magazeti bado yapo mengi, na kwamba, kwa vile sikuwa nimeonyeshwa zima hata moja, katika wingi ule mazima hayawezi kuzidi vidole vya mkono mmoja, lakini haikusema hayapo. Afadhali ingesema hayapo.

Nikaona nifuate majina. Watoto walikuwa wakiandika majina yao kwenye jalada. Moja la Newala, nililoruhusiwa kuondoka nalo, lilikuwa na maandishi makubwa, *Mali ya Machupa. Ukiiba utavimba.* Nikawaza, mtoto mwenye wivu hivi na gazeti lake lazima alitunza na mengine. Nikapanda gari hadi Newala, nikaelekezwa kibarazani walikokaa wazee wa mtaa ule, nikaamkia, nikaitikiwa, nikasema kwa sauti safi kabisa kwamba namtafuta Mzee Machupa.

Mmoja akakohoa. Mjukuu aliyekuwa akipita na ndoo akaangua kicheko akakimbia nayo. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe, mwenye bakora na heshima zake zote, akanitazama.

"Mama, umetokea wapi?"

"Masasi, baba."

"Kabla ya Masasi?"

"Upare."

"Ahaa," akasema, na wenzake wote wakasema ahaa.

Nilikuwa nikilijua jambo lenyewe, kama anavyolijua kila aliyeishi huku. Mvulana akiingia jandoni huacha jina la utoto kule, akitoka ana jina jingine, na kumwita mtu mzima kwa lile la zamani ni tusi. Lakini akilini mwangu jando lilikuwa huku, na katuni kule. Sikuwahi kuwaza kwamba majina yale ya kwenye majalada ni ya wavulana waliokuwa hawajaingia. Miezi yote ile nilikuwa nikizunguka uwanda mzima kuwavua nguo wazee wa watu mbele ya wajukuu.

"Nisamehe, baba. Ni ujinga wangu."

"Yamekwisha." Akainama kwangu, akashusha sauti. "Hilo gazeti unalo hapo?"

Nilikuwa nalo. Akalishika, akasoma lile onyo lake la kuvimba, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akalisoma lote pale pale na sisi tukingoja. Alipofika mwisho akaniuliza kama Kombo aliokoka.

Niliporudi nikapitia Lisekese kwa Mama Siwema, mwanamke ambaye kwake nilikwisha onyeshwa magazeti mawili ya jikoni. Nikamsimulia aibu yangu ili nami nicheke. Alicheka hadi akaweka chini chekecheo.

"Mwe! Umemwita mzee wa watu Machupa!" Akajifuta machozi. "Sasa mama, wewe si unataka mapya? Basi unatafuta pabaya. Mtoto akienda jandoni vyake vya zamani vinaachwa, wadogo zake wanavirarua. Akitoka ndio anapewa vipya. Shati jipya, viatu vipya. Kaka yangu walimpa na katuni. Tafuta zawadi za kutokea."

"Lakini aliyetoka si aliisoma siku ile ile?"

"Aliyetoka, ndiyo," akasema. Kicheko kikamwishia. Alichukua chekecheo, akaliweka tena. "Nenda Lupaso, kwa Bibi Agata. Mimi sikukutuma. Na usiende na haraka zako hizo."

Nikaenda Lupaso kwa bodaboda, na sukari na sabuni kwenye mfuko. Bibi Agata alikuwa kivulini pa nyumba yake akichambua mbegu za kunde, mwembamba, macho yenye ukungu kidogo, vidole vyepesi. Nikapiga hodi, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pita, keti."

Mtu wa miaka sitini ukiitwa mwanangu, unaketi. Nikamsaidia kuchambua kunde, tukazungumza habari za mvua na za mikorosho yake iliyozeeka. Kisha nikamweleza kazi yangu bila kuficha. Aliendelea kuchambua. Halafu akasema ndiyo, analo moja, la mwanawe.

Nilikwisha jifunza adabu Newala, nikauliza kwa uangalifu. "Na mwenyewe nimtaje kwa jina gani, bibi?"

"Chiwaya."

Nikasita. "Hilo ni jina lake la sasa?"

"La utoto," akasema. "Muite tu hivyo. Hakupata lingine."

Akanisimulia akiwa ameinamia ungo. Chiwaya aliingia jandoni na wenzake. Mama hapaswi kufika kule, hupika nyumbani na chakula kikapelekwa. Alipika kila siku, na sahani zikarudi tupu, akafurahi kwamba mtoto anakula. Baba yake alikwenda Masasi kununua zawadi za kutokea, shati la mikono mirefu na ile katuni, maana Chiwaya alikuwa akiizungumzia hadi usingizini. Siku ya kutoka ngoma zikalia, akina mama wakakimbia na vigelegele, wakapokea watoto wao. Mlangoni kwake yeye palikuwa pamewekwa sahani iliyovunjika.

"Ndiyo desturi," akasema. "Hawakwambii kabla, ili jando lisivurugike. Kumbe alikuwa amezikwa huko huko, siku nyingi. Mimi napika, wanakula wenzake."

Nilisema pole, na pole ilikuwa ndogo.

Akaingia ndani akatoka na sanduku la bati. Ndani ya kanga, juu ya shati jeupe lililokuwa limegeuka manjano, lilikuwepo *Tarishi Kombo*, toleo lile la mwisho. Lilinukia salfa, ule unga wanaopulizia mikorosho, ambao alikuwa akiunyunyiza kila msimu kufukuza wadudu. Wataalamu wa karatasi watanigombeza, lakini halikuwa na tundu hata moja. Rangi za jalada zilikuwa kali kama za juzi. Nikapitisha kidole kwenye kingo za juu. Mikunjo yote ilikuwa imefungana.

Nawaambia ukweli, moyo wangu uliruka, na nilimwonea haya yule mama kwa kuruka kwake. Nilimwomba nitoke mara moja, nikaenda hadi kwenye mkorosho wa mpakani ambako simu inashika, nikampigia Ombeni.

"Lipo," nikamwambia. "Zima."

Alipiga kelele. Nilisikia kiti kikianguka kwake. "Mama Neema, usiliguse! Usilifungue! Nakuja mwenyewe. Mwambie bibi tutaandika jina la mtoto wake kwenye kioo."

Niliporudi nikamweleza Bibi Agata habari za kioo na jina. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni vizuri," akasema. "Wachukue. Lakini kwanza nisomee."

"Bibi?"

"Mimi shule sikwenda. Nimekaa nalo miaka yote sijui lina nini ndani. Nataka kujua mwanangu angesoma nini."

"Hukuwahi kumpa mtu akusomee?"

"Nimpe nani? Wote walimjua. Angesoma, angelia yeye, halafu nimbembeleze mimi." Akanitazama kwa macho yake ya ukungu. "Wewe hukumjua."

Nikamweleza juu ya mikunjo. Nikamwambia nikikata, gazeti halitakuwa zima tena, na wale wa kioo hawatalitaka, na kwamba, kwa ninavyojua mimi, zima lililobaki ni hili tu. Nikamwahidi kumletea nakala nyingine ya toleo hilo hilo, ya daraja la mkekani, nimsomee kila neno, na hili libaki lilivyo. Niliona nimepata suluhisho zuri.

"Hiyo ni ya mtoto wa mtu mwingine," akasema. "Mimi nataka hii aliyonunuliwa Chiwaya."

Niliinuka. Mnanijua, sifikiri nimeketi. Nikaenda hadi kwenye uzio wa mabua nikarudi, nikaenda tena. Nilimfikiria Baba Zainabu, aliyekufa bila kuliona hata moja. Nilimfikiria Ombeni akiokota kiti chake. Na kilichonichoma zaidi, mimi tayari nilijua mwisho wa hadithi ile. Nilijua ningemkatia yule mama gazeti la mwanawe nimfikishe katikati ya mto, nimwache hapo. Nilikasirika na kila mtu, hata na mchoraji aliyeacha kazi nusu. Bibi Agata hakunihimiza. Alikuwa ameshaweka wembe juu ya ungo.

Nikachukua wembe. Nikauingiza kwenye mkunjo wa kwanza, nikafuatisha mfupa wa mbuzi nyuma yake kama nilivyofundishwa, karatasi ikaachia kwa sauti ndogo. Nikakata mkunjo mmoja mmoja hadi mwisho. Kisha nikahamia mkekani, bega kwa bega naye, nikasoma.

Aliuliza kila picha. Huyu nani, baiskeli ya nani, mbona hana breki. Kombo alipoanguka kwenye banda la kuku alicheka kwa sauti, akapiga goti. "Chiwaya hapa angejigaragaza," akasema. Nilimsomea polepole kuliko nilivyowahi kusoma chochote, lakini kurasa za katuni ni chache, tukafika mtoni. Barua menoni. Baiskeli inazama.

"Na hapa pameandikwaje?" Kidole chake kilikuwa pembeni ya picha.

"Itaendelea."

"Maana yake hadithi inakuja nyingine."

"Ndiyo, bibi."

"Ilikuja?"

Ningeweza kumdanganya. "Haikuja. Hili ndilo lililokuwa la mwisho."

Kuku wakapita, akawafukuza bila kuwatazama.

"Kwa hiyo wale wenzake waliotoka, nao hawajui?"

"Hawajui. Hadi leo wanaulizana."

Akalitwaa gazeti, akalifumba, akalilaza mapajani na kulinyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Basi yuko sawa na wenzake," akasema.

Hapo ndipo nilipolia, na yeye akanibembeleza, jambo lile lile alilokuwa akilikwepa miaka yote.

Ombeni alipiga simu kabla sijafika Mkomaindo. Alikuwa ameshapata usafiri. Nikamwambia bodaboda asimame, nikashuka, nikaenda kando ya barabara.

"Mama, nafunga makadirio," akasema. "Masasi na Newala, mazima niandike mangapi?"

"Andika hakuna."

"Hakuna? Na lile la Lupaso?"

"Limesomwa."